Mairungi, mate na ghala la neva

Ndugu Mhariri,

Vijiweni vya boda boda, kwenye maegesho ya malori na hata katika vipindi vya afya redioni, neno moja kuhusu mairungi, yale majani ya kutafuna yaitwayo pia miraa, limerudiwa mpaka limeonekana kweli: kwamba yanaongeza nguvu. Sisi tunaofundisha famakolojia, yaani elimu ya jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini, tunalipinga, na ushahidi wetu wa kwanza uko mdomoni mwa mtafunaji mwenyewe. Mate yake yamekauka. Ukielewa kwa nini yamekauka, utaelewa pia kwa nini dereva aliyetafuna usiku kucha husinzia kwenye usukani alfajiri, na kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu sugu hapaswi kujinunulia vidonge vya mafua.

Tezi haifanyi kazi kwa hiari yake. Tezi kubwa za mate ziko jozi tatu, mbele ya sikio, chini ya taya na chini ya ulimi, na kwa mtu mzima mate ya siku nzima hufika kati ya nusu lita na lita moja u nusu. Amri ya kuyatoa huletwa na neva. Lakini ncha ya neva haigusani na chembe ya tezi. Katikati pana mwanya, na amri huvushwa na kemikali ambayo wataalamu huiita nyurotransmita. Hapa tutamwita tarishi, maana kazi yake ni hiyo. Tarishi hutengenezwa ndani ya ncha ya neva, kisha hupakiwa katika vifuko vidogo mno. Vifuko vya asetilikolini, tarishi mkuu wa neva za mate, vina upana wa takribani nanomita 50: panga 20,000 kwa mstari mmoja ndipo utimize milimita moja, na kila kifuko kimebeba molekuli elfu kadhaa. Hilo ndilo ghala. Umeme wa neva ukifika, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, vifuko huungana na ukuta wa neva na kumwaga shehena mwanyani. Tarishi huvuka, hugonga kipokezi, na tezi hutoa maji yake.

Kisha tarishi lazima aondolewe, la sivyo tezi haitanyamaza. Asetilikolini hukatwa palepale na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini, upesi kuliko kufumba na kufumbua. Noradrenalini, ambaye ni tarishi wa neva za upande wa pili, zile zinazouandaa mwili kwa dharura, hunyonywa na pampu akarudi ndani ya neva, na sehemu kubwa hupakiwa upya. Anayebaki nje ya vifuko huharibiwa na kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidasi. Dawa, majani, mizizi na sumu huweza kuingilia popote katika njia hiyo. Mdomo mkavu au mdomo unaochuruzika hukuambia kwamba kuna mahali pameguswa. Haukuambii ni wapi, na hapo ndipo watu hukosea.

Turudi kwenye mairungi. Jani bichi lina kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini, dawa ya kusisimua mwili. Ndiyo maana vifungu huviringishwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni: ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa kathinoni nyingi hugeuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu zaidi. Kathinoni haimwamshi tarishi kwa njia ya kawaida. Huingia ndani ya neva kupitia pampu ileile inayomrudisha noradrenalini, humfukuza kutoka ghalani, kisha huigeuza pampu iteme nje badala ya kunyonya ndani. Hakuna umeme ulioletwa, wala kalsiamu haikusubiriwa. Ni kama mwizi aliyeingia kwa mlango wa kupokelea mahindi, akaanza kuyatoa magunia kwa mlango huohuo huku msimamizi amelala. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, mboni ya jicho inatanuka, usingizi unatoweka. Mtafunaji anahisi ghala limejaa, kumbe anachokihisi ni kumwagwa kwake.

Na mate? Maji mengi ya mate huagizwa na neva za parasimpathetiki, yaani za upande wa mapumziko, zinazoamriwa kutoka shina la ubongo. Noradrenalini akimwagwa kwa wingi ubongoni, vituo vya amri hiyo hubanwa. Neva za simpathetiki, yaani zile za upande wa noradrenalini, zinazofika kwenye tezi yenyewe hutoa mate kidogo, mazito, yenye protini nyingi. Ndiyo ule ute unaonata kwenye fizi za mtafunaji. Tanini ya majani huongeza ukavu juu ya ukavu. Mtu huyu hushushia kwa soda, chupa baada ya chupa, na sukari inakaa juu ya meno ambayo hayana mate ya kuyasuuza. Anayeuza mairungi na soda pamoja anauza pia safari ya kung'oa jino.

Sasa hesabu ya ghala. Noradrenalini mpya hutengenezwa kwa mwendo ambao hauwezi kuharakishwa sana, kwa sababu kimeng'enya cha hatua ya kwanza kina kikomo chake. Ukimwaga haraka kuliko unavyotengeneza, shehena iliyo tayari hupungua. Kwa hiyo kifungu cha pili hakifanyi kazi kama cha kwanza, na cha tatu hufanya kidogo zaidi. Maabara huona jambo hilohilo kwa efedrini na tiramini, kemikali mbili ambazo nazo humsukuma noradrenalini atoke ghalani: dozi ileile ikirudiwa kwa karibu, presha hupanda kidogo kila mara mpaka haipandi tena. Dereva wa lori kutoka Malaba, mpakani, aliyetafuna tangu jioni hafiki alfajiri na nguvu za ziada. Anafika na deni la usingizi lililosukumwa mbele pamoja na ghala lililopungua, na usingizi unaomvamia hapo hauondoki kwa kuongeza majani. Siku inayofuata huwa mzito, mwenye hasira, asiye na hamu ya kitu. Wengi hutafuta waragi, pombe kali, ili walale, na hivyo hujipa tatizo la pili.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa lina faida ya haraka: mairungi hupunguza ufyonzwaji wa ampisilini, na kwa kiasi fulani amoksilini, tumboni. Mtu anayetafuna huku anameza antibiotiki hizo aache angalau saa mbili baada ya kutafuna kabla ya kumeza. Afadhali zaidi aache kutafuna mpaka amalize dozi.

Ziko dawa zinazofanya kinyume: hazimfukuzi tarishi, zinaharibu upakiaji. Mfano mkubwa ni reserpini, iliyotengwa mwaka 1952 kutoka mzizi wa mmea wa India uitwao Rauvolfia serpentina. Ndugu yake, Rauvolfia vomitoria, huota hapa Uganda, na mizizi yake pia ina reserpini. Waganga wa mitishamba huitumia kwa wagonjwa wa akili na wa presha, na si kwa kubahatisha: kweli inashusha presha na kweli inatuliza. Tatizo ni kipimo. Kidonge cha reserpini kwa presha kilikuwa na miligramu 0.1 hadi 0.25 kwa siku. Kipande cha mzizi kilichochemshwa hakina namba. Mzizi wa mti mmoja haulingani na wa mwingine.

Reserpini huziba pampu inayopakia noradrenalini ndani ya vifuko, na hung'ang'ania hapo. Noradrenalini anayevuja kutoka kifukoni hapati njia ya kurudi, na monoamini oksidasi inammaliza. Ghala huwa tupu ndani ya saa chache hadi siku moja, lakini kujaa tena huchukua siku kadhaa hata wiki mbili, kwa kuwa vifuko vipya hutengenezwa kwenye kiini cha neva na kusafirishwa mpaka nchani. Upande wa simpathetiki ukinyamaza, parasimpathetiki hubaki peke yake uwanjani: pua huziba, mate huzidi, asidi ya tumbo huongezeka, mgonjwa huharisha, mapigo hupungua. Ubongoni ghala la matarishi wengine, serotonini na dopamini, huishiwa pia, na hapo huja huzuni nzito ambayo imewahi kuwafikisha watu kwenye kutaka kujiua. Mwenye vidonda vya tumbo au historia ya sonona asiguse mzizi huu.

Chumba cha upasuaji ndipo mahali pa hatari zaidi, na watu hawapajui. Mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua akichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, presha mara nyingi hushuka, na hupewa efedrini miligramu 5 hadi 10 kwa mshipa. Sehemu kubwa ya kazi ya efedrini ni kumsukuma noradrenalini atoke ghalani. Mama aliyekuwa akinywa mizizi hiyo wiki nzima hana wa kusukumwa. Sindano ya pili na ya tatu zitaingia, na kipimo cha presha hakitasogea inavyotarajiwa. Hapo mtoa ganzi abadili aende kwenye dawa inayogonga kipokezi moja kwa moja, kama fenilefrini au adrenalini, lakini kwa dozi ndogo kuliko kawaida, kwa sababu vipokezi vilivyokosa tarishi kwa siku nyingi huwa vikali kupita kiasi. Haya yote yanaepukika kwa swali moja kabla ya ganzi: mama, kuna mizizi au majani unayotumia? Aulizwe kwa upole, akiwa peke yake, bila mama mkwe mlangoni, maana akigombezwa atasema hapana.

Kifua kikuu sugu sasa hutibiwa kwa miezi sita ya vidonge, na kimojawapo ni linezolidi, kwa kawaida miligramu 600 kwa siku. Linezolidi ni antibiotiki nzuri, lakini ina tabia ya pili: inaizuia monoamini oksidasi. Mfagiaji wa ghala amefungiwa nje. Noradrenalini hurundikana ndani ya neva. Tiramini, ambayo imo katika vyakula vilivyochacha au kukaa muda mrefu na ambayo kwa kawaida huharibiwa utumboni na kwenye ini, hupita ikiwa nzima, huingia nevani kwa pampu ileile tuliyoitaja, na kuusukuma nje mrundikano huo kwa mkupuo. Mgonjwa hushikwa na maumivu makali kisogoni, moyo kudunda, jasho, na presha kupanda kwa kasi. Sudoefedrini iliyo katika vidonge vingi vya mafua hufanya hivyohivyo, na kathinoni ya mairungi nayo. Kwa hiyo anayetumia linezolidi asitafune mairungi hata jani moja, asinunue dawa ya mafua bila kumwambia muuzaji yuko kwenye matibabu gani, na aepuke jibini kuukuu, mchuzi wa soya, na pombe zinazonywewa na chachu yake, malwa ikiwamo. Tramadoli, dawa ya maumivu, na amitriptilini, dawa ya sonona, nazo zina hatari yake pamoja na linezolidi, kwa upande wa serotonini. Aliyekwisha kuandikiwa amwambie daktari wake, asijikatizie mwenyewe. Maumivu ya ghafla kisogoni yasisubiriwe mpaka siku ya kliniki. Apimwe presha siku hiyohiyo.

Kuna mdomo mkavu wa aina nyingine ambao haupaswi kuchanganywa na huu. Sumu ya botulini, itokayo kwa bakteria katika chakula, hukata protini zinazounganisha kifuko na ukuta wa neva. Ghala limejaa, kalsiamu inaingia, lakini mlango haufunguki. Asetilikolini haitoki, na mate, machozi na nguvu za misuli hukatika pamoja. Shule moja ya bweni hapa Uganda ilipata mlipuko wa botulini ya aina A mwaka 2008, kwa hiyo si jambo la vitabuni tu. Kope zinazolegea, kuona viwili viwili, kushindwa kumeza, akili timamu na homa hakuna, hasa kwa zaidi ya mtu mmoja aliyekula chungu kimoja: huyo apelekwe hospitali yenye mashine ya kupumulia, leo. Asiambiwe anywe maji mengi arudi kesho.

Sasa mdomo unaochuruzika. Dawa nyingi za kunyunyizia wadudu, kama kloripirifosi, dimethoeti na diklorvosi, haziligusi ghala kabisa. Zinakifunga kile kimeng'enya kinachoikata asetilikolini. Tarishi anamwagwa kama kawaida lakini haondolewi, na tezi zote zinazomsikiliza hufanya kazi bila kupumzika: mate, machozi, makamasi, ute wa mapafu. Jasho nalo hufurika, jambo linalowashangaza wanafunzi, kwa kuwa neva za jasho ni za simpathetiki. Henry Dale na Wilhelm Feldberg walilieleza mwaka 1934 kwa unyayo wa paka: neva hizo, tofauti na wenzake, humwaga asetilikolini. Mkulima anayebeba pampu ya mgongoni yenye kifuniko kinachovuja hulowa shati mgongoni na sumu hupita kwenye ngozi bila kumezwa hata tone. Avuliwe nguo zote, aoshwe kwa sabuni na maji mengi pamoja na nywele na chini ya kucha, na anayemuosha avae glavu. Viatu na mkanda wa ngozi vitupwe, havisafishiki. Maziwa asipewe, wala asitapishwe. Alazwe kwa ubavu wa kushoto na asafirishwe.

Kituoni, atropini ndiyo inayookoa, na ndiyo inayotolewa kidogo mno. Atropini haikigusi kimeng'enya; inakaa kwenye kipokezi ili asetilikolini akose pa kugonga. Kwa kuwa asetilikolini ni mwingi, atropini nayo iwe nyingi. Kwa mtu mzima anza na miligramu 2 kwenye mshipa. Baada ya dakika 5 sikiliza kifua; kama bado kuna mkoromo wa maji, toa 4, kisha 8, kisha 16. Hizo ni miligramu 30 ndani ya robo saa, yaani ampuli (vichupa vya sindano) 30 za miligramu moja, au 50 kama ampuli zenu ni za miligramu 0.6. Wengi huogopa wakifika ampuli ya tano. Lengo ni kifua kisicho na maji, mapigo zaidi ya 80, namba ya juu ya presha zaidi ya 80, na kwapa kavu. Ingiza kidole chenye glavu kwapani: kikitoka na unyevu, bado. Mapigo ya kasi si sababu ya kuacha, na mboni ya jicho isiwe kipimo chako peke yake, maana huchelewa kutanuka. Kifua kikikauka, hesabu jumla uliyotoa, na kila saa toa kwa dripu asilimia 10 hadi 20 yake: kwa miligramu 30 ni 3 hadi 6 kwa saa. Kosa la usiku ni hili: mgonjwa amekauka saa nne, dripu imeisha saa saba, hakuna aliyeibadilisha, na saa kumi amejaa maji tena. Akizidishiwa atapata ngozi kavu ya moto, atapayuka, na tumbo halitasikika likinguruma. Simamisha dripu, subiri dalili zitulie, rudi kwa kiwango cha chini.

Atropini haisaidii misuli, kwa kuwa vipokezi vya misuli ni vya aina nyingine. Kati ya siku ya kwanza na ya nne, mgonjwa ambaye mate yamekauka na anaongea vizuri anaweza kuacha kupumua. Kila zamu, mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, msimrudishe nyumbani, na mashine ya kupumulia iwe karibu.

Tunakuomba, Mhariri, kurasa zenu za kilimo zibebe namba hizi za atropini na maelekezo ya kuosha kabla ya mvua za Machi na za Septemba, wakati pampu za mgongoni zinapotoka stoo. Nanyi wenye maduka ya dawa, kabla ya kutoa kidonge cha mafua ulizeni kama mteja anatafuna mairungi na kama anatibiwa kifua kikuu. Kituo chenye ampuli 10 tu za atropini kimpe mgonjwa zote 10 kwa mpango ule wa kuzidisha, huku gari la wagonjwa limekwisha kuitwa na hospitali inayompokea imekwisha kuambiwa kwa simu ni miligramu ngapi zimeingia na saa ngapi.

Walimu wa famakolojia,
Mbale